Yasemwe Mezani

  Asubuhi hii ningependa tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua sana katika kamati zetu, katika ofisi zetu, na mahali popote ambapo watu kadhaa wamewekwa pamoja kufanya kazi moja. Mtu afanyeje anapoona kwamba kazi inakwenda kombo? Na yule anayeambiwa kwamba kazi yake imekwenda kombo, alipokeeje neno hilo?

Mwenye Biblia karibu na afungue Waraka kwa Wagalatia, mlango wa 2, tangu mstari wa 11 hadi wa 14. Tena aweke kidole kwenye Injili ya Mathayo, mlango wa 18, mstari wa 15. Sehemu hizo mbili tutazirudia. Kwanza niwasimulie habari yangu mwenyewe, nayo si habari ya kujisifia.

Mimi ni mchungaji huko Kahawa Wendani, kando ya barabara kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Zamani upande ule ulikuwa mashamba. Leo ni majumba ya ghorofa yaliyosongamana, na kila mwaka jingine huota mahali ambapo jana mbuzi walikuwa wakila majani. Jina lenyewe, Wendani, ni neno la Kikuyu, na maana yake ni upendo, kupendana. Nimelihubiri jina hilo mara nyingi mno, hata washiriki wangu wakilisikia hutazama saa zao, kwa hiyo leo nitaliacha.

Mwaka juzi tulianza kujenga nyumba ya shule ya Jumapili. Chini yawe madarasa manne ya watoto, na juu ukumbi wa vijana. Tulikuwa tumefanya harambee mbili, na akina mama walikuwa wameuza chai na maandazi baada ya ibada kwa muda wa mwaka mzima. Tukaunda kamati ya ujenzi yenye watu tisa, mwenyekiti nikiwa mimi. Michoro ilichorwa na mtaalamu na kupitishwa na kaunti. Lakini kazi ya kusimamia ujenzi siku kwa siku tulimwachia mzee mmoja wa kanisa, aliyestaafu katika kazi ya namna hiyo, naye alijitolea bila kudai hata senti moja. Nilimwona kama zawadi kutoka kwa Mungu, na hata leo namwona hivyo.

Ndani ya kamati tulikuwa pia na msichana mmoja mhandisi, aliyekuwa amemaliza masomo yake si muda mrefu. Nilimfundisha mimi mwenyewe darasa la kipaimara alipokuwa katika sekondari. Nawaambia haya ili mjue jinsi nilivyomtazama. Machoni pangu alikuwa bado yule mtoto wa kukariri Amri Kumi.

Jumamosi moja tulikutana baada ya nguzo nne za kwanza kumwagwa zege. Mtunza hazina alisoma hesabu. Mzee wetu akatoa taarifa kwamba kazi inaendelea vizuri. Nami nikauliza, kwa desturi, kama kuna lingine. Mwajua kwamba swali hilo huulizwa na mwenyekiti aliyekwisha kufunga kitabu chake. Msichana akainua mkono.

Akasema, “Mchungaji, samahani. Zege la zile nguzo nne ni bovu. Nilikuwapo Alhamisi likikorogwa. Walitia maji mpaka likawa kama uji. Tukiweka ghorofa juu ya nguzo zile tunaweka watoto chini ya hatari. Tena kwenye pipa lililo nyuma ya ofisi kuna vipande sita vya zege vya kupimia, vimekaa tu, hakuna aliyevipeleka kupimwa. Mtu yeyote aliyesoma ujenzi angejua hayo.”

Kwa ajili ya wale wasioijua kazi ya ujenzi, acheni nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilifunzwa baadaye na kwa gharama. Zege hutaka maji ya kiasi. Fundi akizidisha maji, kazi huwa nyepesi, zege hutiririka ndani ya mbao bila kusumbua, na kila mtu hufurahi. Lakini yale maji ya ziada hayabaki humo. Hukauka, na mahali yalipokuwa huacha vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Nguzo husimama, hupigwa lipu na rangi, na ukiitazama ni nguzo nzuri. Nguvu tu ndiyo haimo. Kwa sababu hiyo kila zege linapomwagwa, sehemu yake hutiwa katika visanduku vya chuma kufanya vipande vyenye pande sawa, vikatunzwa majini, kisha vikapelekwa maabara kuvunjwa kwa mashine, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28. Mashine huonyesha vimebeba mzigo gani kabla ya kupasuka. Nayo haimjui mzee wala mchungaji.

Msichana aliponyamaza, chumba kizima kilinyamaza. Halafu mmoja wa wazee akasema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Watu wakatikisa vichwa. Nami, badala ya kuuliza habari za nguzo, nikasema, “Binti yangu, hapa tunasema kwa heshima. Jambo lako limepokelewa. Tutalijadili baadaye.” Katibu akaandika katika kumbukumbu: limepokelewa. Nikafunga kwa sala, na sala ile hadi leo namwomba Mungu anisamehe.

Angalieni vizuri nilichofanya. Yule msichana alinipa habari za maji, za Alhamisi, za nguzo nne, za vipande sita katika pipa. Kila moja ya habari hizo ningeweza kuihakikisha kwa kutembea hatua hamsini. Sikujibu hata moja. Nilichojibu ni umri wake.

Jioni hiyo nilipokuwa nikitoka, fundi mkuu alikuwa amesimama langoni akiningoja. Ni mtu wa makamo, wa maneno machache. Akaniambia, “Mchungaji, yule dada amesema kweli.” Nikashtuka. Nikamwuliza, “Wewe ulijua?” Akasema, “Nilijua tangu siku ile ile.” Nikamwuliza kwa ukali mbona hakusema. Akanitazama, akajibu, “Katika kamati yenu sikuitwa. Na anayenilipa ni wewe.”

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeudhika. Si kwa ajili ya nguzo, ndugu zangu, nisiwadanganye. Niliudhika kwamba nimeaibishwa mbele ya mtunza hazina na mbele ya akina mama, na sasa hata fundi ananifundisha. Mikutano miwili iliyofuata msichana hakuja, nami moyoni nilifurahi kidogo.

Sasa huko kwetu Kiambu, kama katika sehemu nyingi za nchi hii, bado ziko zile shirika za wandugu wa uamsho, ambao hukutana kila juma kuimba, kusoma Neno na kuambiana habari za mioyo yao. Wengi wao ni wazee sasa. Huwa nakaa nao Alhamisi nipatapo nafasi. Humo hakuna Mchungaji wala Askofu. Kila mtu ni ndugu. Alhamisi moja nikawasimulia habari ya kamati yangu. Nilisimulia vizuri sana. Nilieleza jinsi vijana wa siku hizi walivyopoteza adabu, jinsi elimu inavyomwinua mtu, jinsi mzee wa kanisa alivyovunjiwa heshima. Nilipomaliza, mama mmoja mzee sana, ambaye huja akisaidiwa na mkongojo, akaniuliza kwa upole, “Ndugu, umetuletea dhambi za yule msichana. Zako umeziacha wapi?”

Mama yule hakubuni jambo jipya. Alikuwa akifanya lile ambalo wandugu wamelifanya tangu mwanzo wa uamsho wenyewe, na mwanzo huo, ukiutazama vizuri, ulikuwa mahali pa kazi. Huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali. Daktari wake alikuwa Mwingereza Joe Church, aliyefika huko mwaka 1928, wakati wa njaa kali. Kiongozi wa wasaidizi wa Kiafrika katika hospitali alikuwa Yosiya Kinuka. Kazi ilikuwa ngumu na watumishi hawakupatana. Mwaka 1931 Kinuka alisafiri hadi Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, yule Mganda ambaye Joe Church alikuwa amesoma Biblia na kuomba pamoja naye huko Namirembe mwaka 1929. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali. Zilikuwa mbaya, na Kinuka alikuwa na mengi ya kueleza juu ya wengine. Nsibambi akamwambia waziwazi kwamba kama hospitali ni mbaya, basi sababu moja ni dhambi iliyo ndani yake yeye Kinuka.

Fikiri neno hilo limwangukie mtu aliyefunga safari ndefu namna ile, akitumaini kuhurumiwa! Lakini Kinuka hakulitupa. Katika safari ya kurudi Rwanda lilimfanyia kazi moyoni, akajitoa kwa Bwana, akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Baadaye alikuwa kasisi. Huko Gahini Waafrika na Wazungu wakaanza kukiriana makosa yao wenyewe kwa wenyewe, daktari kwa msaidizi na msaidizi kwa daktari, katika siku zile za ukoloni ambapo jambo la namna hiyo halikusikika. Waliliita kutembea nuruni, kufuatana na Waraka wa Kwanza wa Yohana, mlango wa 1. Mwaka 1937 kikosi chao kilifika Kabete, na ndivyo desturi hiyo ilivyoingia kwetu Kenya, mpaka ikamfikia mama yule mwenye mkongojo, na kupitia kwake ikanifikia mimi.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi na mapema nikaenda nyuma ya ofisi, nikafunua pipa. Vipande vilikuwamo, vyote sita, vimeota ukijani kidogo. Nikampigia simu yule msichana. Sikumwambia mengi. Nilimwambia, “Nilikukosea siku ile. Tafadhali nisaidie kuvipeleka.” Akasema, “Nakuja, Mchungaji.” Alikuja na gari la rafiki yake.

Siku 28 zilikuwa zimekwisha kupita. Nilisimama katika maabara nikavitazama vikivunjwa kimoja kimoja. Sitasahau mlio ule. Vyote sita vilipasuka kabla ya kufika mahali vilipotakiwa kufika, na kimoja kilikuwa mbali sana. Gharama ya kupima, nawaambia kweli, ilikuwa ndogo kuliko pesa za chai tulizotumia katika harambee moja. Hasara ya kuzibomoa nguzo nne na kuzijenga upya ilikuwa kubwa, na ilinipasa kuwaeleza akina mama wa maandazi. Lakini tulibomoa.

Mwakumbuka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, mvua ikinyesha. Jumba la ghorofa sita lilianguka na kuua watu wapatao 50. Wachungaji wengi wa sehemu zetu walizika siku zile. Huwa nalifikiria jumba lile kila nionapo watoto wetu wakikimbia kuingia darasani.

Sasa turudi kwenye Maandiko. Katika Mathayo 18 Bwana wetu anafundisha kwamba ndugu yako akikukosea, umwendee ninyi wawili peke yenu. Bali katika Wagalatia 2 twamwona Paulo akimpinga Petro mbele ya watu wote. Petro alikuwa amezoea kula pamoja na Wakristo wa Mataifa huko Antiokia, lakini walipofika watu fulani kutoka Yerusalemu aliogopa, akajitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo hakumngoja pembeni. Wanafunzi wangu wa kipaimara hupenda sana kuniuliza: je, Paulo hakuisoma Mathayo 18?

Kwa miaka mingi nilijibu swali hilo vibaya. Nilisema kwamba Paulo alikuwa mtume, na sisi si mitume. Zile nguzo nne ndizo zilizonifundisha kusoma upya. Katika Mathayo, kosa ni kati ya mtu na mtu: umenitukana, umenidhulumu, umenisengenya. Hilo ni letu wawili, na upendo hautaki kulitandaza uwanjani. Lakini Petro hakumkosea Paulo. Jambo lake lilikuwa katika kazi yenyewe, na walioumia ni wale Wakristo wa Mataifa walioketi pale mezani, ambao ghafula waliona viti vimekuwa vitupu. Kosa lilifanyika mbele yao, na laiti Paulo angelinong’oneza chumbani, wao wangeendelea kula peke yao wasijue kama Injili yawahusu.

Kadhalika nguzo zangu. Yule msichana hakuwa amekosewa na mtu. Hakuwa na kesi na yule mzee. Zilikuwa ni habari za watoto wasiokuwa na kiti katika kamati. Mahali pa habari hizo ni mezani, mbele ya wote, na mapema, zege lingali bichi.

Tazama basi jinsi sisi tulivyogeuza mambo. Yale ya Mathayo 18 twayaleta mezani. Yale ya Wagalatia 2 twayapeleka langoni. Mtu ameudhika kwa sababu hakualikwa kwenye harusi, naye anangoja mkutano wa kamati amchome mwenzake mbele ya watu kwa kisingizio cha hesabu. Lakini hesabu zikiwa kweli zina kasoro, hapo kila mtu huwa mpole, huisifu taarifa, halafu hukutana na wenzake kando ya magari na kusema, “Mmeona hesabu zile?” Nimekaa katika kamati za parokia, za shule, na hata za hospitali. Mambo yote makubwa niliyapata kando ya magari.

Wala si sisi wa Kiambu peke yetu. Tarehe 28 Januari mwaka 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipasuka angani sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walikuwa wamesema kwa simu, wazi kabisa, kwamba baridi ile ingeweza kuzifanya pete za mpira zishindwe kuziba, na kwamba chombo kisirushwe. Walikuwa na michoro na tarakimu. Wakubwa hawakupendezwa. Kukawa na mapumziko, mameneja wa kampuni wakashauriana, na waliporudi kwenye simu neno lilikuwa limegeuka: kirushwe. Wahandisi wale hawakulisemea langoni, walilisema mezani kama Paulo. Kilichokosekana ni Petro wa kulipokea.

Kwa maana Petro naye tumpe haki yake. Wagalatia haituelezi alijibu nini siku ile. Lakini fungua Waraka wa Pili wa Petro, mlango wa 3, mstari wa 15, uone jinsi Paulo anavyotajwa humo: kama ndugu mpendwa, mwenye hekima aliyopewa na Mungu. Na Musa, alipoambiwa na mkwewe Yethro katika Kutoka 18 kwamba utaratibu wake wa kuamua kesi za watu peke yake tangu asubuhi hata jioni haufai, hakumwambia, “Wewe ni kuhani wa Midiani, na mimi ndiye niliyevuka bahari.” Alisikiliza, akafanya.

Hata hivyo sitaki kijana fulani anayenisikiliza aondoke hapa akiwa amenoa ulimi wake. Nisemeni kweli yote. Yule msichana alikuwa na haki katika habari zote isipokuwa sentensi yake ya mwisho. Aliposema kwamba mtu yeyote aliyesoma angejua, hapo aliiacha nguzo akampiga mzee. Mzee yule hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kazi kwa mikono yake, miaka mingi, na katika siku zile alikuwa akimuuguza mkewe; hivyo siku ya Alhamisi alikuwa ameondoka mapema, vibarua wakatia maji walivyotaka. Hatukuwa tumemwuliza. Msichana aliliomba radhi neno lile, alikwenda nyumbani kwake na kumwomba. Habari za zege hakuziombea radhi, na sikumtaka aziombee.

Uamsho wenyewe ulipitia shida hiyo. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, Uganda, William Nagenda na wanafunzi wenzake walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na kukemea waziwazi dhambi za chuoni na mafundisho waliyoyaona kuwa dhaifu. Wakubwa wa chuo waliwakataza, wao wakakataa kukatazwa, na wanafunzi 26 wakafukuzwa. Nagenda hakupata kuwa kasisi, ingawa alihubiri katika nchi nyingi. Nimezungumza na watu wanaomtetea Nagenda na watu wanaowatetea wakubwa wa chuo, na kila upande hunisimulia makosa ya upande wa pili kwa ufasaha mkubwa. Mimi hujiuliza kama kulikuwa na mtu hata mmoja pale Mukono wa kuuliza swali la yule mama wa mkongojo.

Nikiwa katika chuo cha theolojia tulikuwa na zoezi la kuhubiri mbele ya wenzetu, nao baadaye hutukosoa. Wako waliokosoa ili waonekane werevu, na hao niliwasahau. Namkumbuka mmoja aliyeniambia kwamba mahubiri yangu hayakuwa na habari njema ndani yake hata moja, kisha jioni akaja chumbani na Biblia yake, tukakaa mpaka taa zikazimwa, tukiyaandika upya.

Siku hizi kamati yetu imebadili mambo machache. Fundi mkuu ana kiti mezani, na hulipwa na mtunza hazina, si na mimi. Taarifa ya kazi ikisomwa, twamwuliza kila mmoja ameona kasoro gani, tukianza na mdogo wa wote kabla wakubwa hawajasema. Jambo hilo si langu. Wayahudi wa kale, katika kesi za uhai na mauti, waliuliza rai ya wadogo kwanza, ili wasione haya kuwapinga wakubwa wao. Na katibu amekatazwa kuandika neno limepokelewa. Huandika nani atakwenda kutazama, na lini.

Nyumba imesimama sasa. Watoto wamo ndani kila Jumapili, na kelele zao hunisumbua katika mahubiri.

Lakini yule mzee hajarudi katika kamati. Huja ibadani, huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na akimaliza kushiriki Meza ya Bwana hunipa mkono na kusema, “Salama, Mchungaji.” Basi. Mkewe alifariki mwaka jana, nami ndiye niliyemzika. Nimemwendea nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza nilimweleza habari za vipande vya zege, jambo ambalo halikuwa na haja, maana aliyajua kuliko mimi. Mara ya pili nilimwambia nililopaswa kumwambia tangu mwanzo: kwamba nilimpa kazi ya watu watatu kwa sababu ilikuwa bure, na kwamba siku ile mezani, nilipojifanya kuilinda heshima yake, nilikuwa nalinda yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia chai. Hakusema neno. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda tena, na safari hii yule msichana ameniomba twende pamoja.

Na tuombe. Ee Baba, twamkumbuka mbele zako mzee wetu huyu, na upweke wake, na mikono yake iliyokufanyia kazi bila malipo. Uwakumbuke wote wanaoingia mikutanoni asubuhi hii wakiwa na neno zito vinywani mwao, na uwakumbuke wenyeviti wao. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.